Zimwi na Neno "Mama": Uhakiki wa Frieren

Miongoni mwa filamu za katuni za Kijapani zinazohusu sihiri, Frieren yastahili kuangaliwa kwa makini na walimu wa lugha, kwa kuwa mojawapo ya dhamira zake ni lugha yenyewe. Hadithi hii ilitungwa na Kanehito Yamada, ikachorwa na Tsukasa Abe, na kuanza kuchapishwa mwaka 2020. Sehemu 28 za kwanza za filamu, zilizoongozwa na Keiichirō Saitō, zilionyeshwa kati ya Septemba 2023 na Machi 2024. Hizo ndizo tunazozihakiki hapa.

Kisa chaanzia pale ambapo hadithi nyingi huishia. Mashujaa wanne wamekwisha kumwua Mfalme wa Mazimwi baada ya safari ya miaka 10. Frieren, msihiri wa jamii ambayo watu wake huishi zaidi ya miaka 1,000, anawaaga wenzake kana kwamba watakutana kesho. Arejeapo baada ya miaka 50, kiongozi wao Himmel amekuwa mzee, na muda si muda anafariki. Frieren analia mazikoni, kwa sababu aliishi naye miaka 10 yote asijishughulishe kumjua. Anaondoka tena safarini ili ajifunze kuwajua binadamu.

Fani ya kazi hii imejengwa juu ya mambo madogo. Frieren hukusanya sihiri zisizo na faida vitani, kama vile kugeuza zabibu tamu kuwa chachu au kuotesha maua. Himmel alitamani kumwonyesha ua la kwao; Frieren analitafuta baada ya kifo chake, kisha analiotesha kuizunguka sanamu yake. Hivyo sihiri yageuka kuwa njia ya kumkumbuka mtu, na kujua kwaja polepole, baada ya makosa mengi. Huu ndio uzuri mkubwa wa kazi hii.

Mashaka yetu yako katika usawiri wa mazimwi. Haya ni viumbe wala watu, wenye umbo la binadamu na ulimi fasaha. Zimwi moja dogo, lenye sura ya msichana, limemla mtoto wa kijijini. Linapokaribia kuuawa laita "mama", na Himmel analihurumia. Mkuu wa kijiji analilea; baadaye linamwua, kisha linamtoa binti yake kwa yule mama aliyefiwa, awe badala ya mtoto aliyeliwa. Likiulizwa kwa nini huita "mama", ilhali jamii yake haina malezi, lajibu kwamba neno hilo huwazuia watu wasiliue. Frieren anahitimisha kuwa kwa mazimwi maneno ni mtego tu.

Sisi hatukubali upesi hivyo. Zimwi lile lilikuwa limeuona uchungu wa mama na kutafuta dawa yake, ijapokuwa dawa yenyewe ilikuwa ya kutisha. Kila mwalimu amepata kumwona mwanafunzi aliyelijua neno kabla ya kulijua tumizi lake. Frieren mwenyewe hakujua maana ya urafiki hadi rafiki alipozikwa. Yeye amepewa miaka na walimu, na zimwi limepewa hukumu. Watunzi wamekwisha kuamua kwamba jamii nzima husema uongo kwa kuzaliwa, na hadithi inapanga matukio ili kuwathibitisha.

Hatusemi kwamba watunzi walikusudia kumsema binadamu yeyote. Lakini katika nchi zetu za Maziwa Makuu mfano huu si mchezo: nchini Rwanda, redio iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 wakauawa kwa mamia ya maelfu. Anayeaminishwa kwamba maneno ya jirani yake ni mtego hatamsikiliza hata akiomba uhai. Methali yetu yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haimsifu zimwi, wala haimwambii mtu asiogope. Hata hivyo, yakiri kwamba kujuana kwaweza kupunguza ukatili.

Tunapendekeza filamu hii itazamwe na kujadiliwa madarasani, kwa kuwa ni kazi yenye hekima na majonzi ya kweli. Lakini mwalimu asiache kuuliza: ni nani aliyeamua kwamba mnenaji huyu hawezi kujifunza?