Risasi ya Nne Iko Wapi?

Wapimaji wa bunduki za kuwindia wamekosea tena, na wamekosea palepale wanapokosea kila msimu: wameishia kwenye risasi tatu. Mmeshaona inavyokuwa. Bunduki mpya inatolewa boksini, inafungwa darubini, inalazwa juu ya mifuko ya mchanga, na shabaha iko yadi 100. Inapigwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpimaji anafungua bolti, anaiacha bunduki benchini, anatembea hadi kwenye karatasi, anaweka kalipa juu ya matundu matatu na kusoma inchi 0.8. Papo hapo bunduki imeshapewa sifa ya kupiga chini ya dakika moja ya pembe, yaani chini ya inchi moja hivi kwa umbali huo. Ndani ya boksi la risasi zimebaki kumi na saba, na mtutu ndiyo kwanza umeanza kupata joto.

Uamuzi wa kusimama pale ni mbovu. Siuhesabu kuwa dosari ndogo ya utaratibu, kwa sababu kila kinachofuata kinasimama juu yake: jedwali la ulinganisho, orodha ya washindi, na fedha za msomaji atakayekwenda dukani akiwa na jedwali hilo kichwani.

Tuanze na hesabu, maana hapa hakuna suala la ladha. Tunapopima kundi kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kipimo hicho kinakua kadiri risasi zinavyoongezeka, hata kama bunduki haijabadilika hata kidogo. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa inchi 1 itatoa wastani wa karibu inchi 1.27 kwa risasi tano, na karibu inchi 1.58 kwa risasi kumi. Mtutu ni uleule, risasi zilezile, mpigaji yuleyule. Kwa hiyo anayeandika "dakika moja" bila kutaja idadi ya risasi hajatuambia kitu.

Lakini kukua kwa kundi ni nusu tu ya ubaya. Nusu iliyobaki ni bahati. Makundi ya risasi tatu yanapanda na kushuka vibaya mno: kutoka kundi hadi kundi yanapishana na wastani wake kwa kiasi cha theluthi na zaidi. Chukua bunduki ya kawaida kabisa, ambayo wastani wake wa kweli kwa risasi tano ni inchi 1.5. Ipige risasi tatu tatu. Takriban mara moja katika kila tatu itakupa kundi lililo chini ya inchi 1. Ukiipa nafasi tatu, uwezekano wa kuonyesha angalau kundi moja la namna hiyo unafika kama saba katika kumi. Mpe mpimaji asubuhi moja na boksi moja la risasi, naye atarudi na karatasi ya kupigia picha. Sasa tazama kinachotokea bunduki mbili zinaposhindanishwa kwa kundi mojamoja la risasi tatu, huku moja ikitawanya risasi kwa robo zaidi ya mwenzake. Iliyo duni itashinda karibu mara moja katika tatu. Hilo ndilo shindano tunaloletewa kila msimu, na watu wazima wanagombana juu ya matokeo yake.

Viwanda vimeligundua hilo zamani. Weatherby wanatoa dhamana kwamba Vanguard, inayotengenezwa na Howa kule Japani, itapiga kundi la inchi 0.99 au chini ya hapo kwa yadi 100: risasi tatu, mtutu wa baridi, risasi za Weatherby au za daraja la juu. Vanguard ni bunduki imara na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na idadi. Dhamana haisemi makundi mangapi yapigwe kabla ya kuhesabu lile lililofaulu, na mnunuzi anayeipenda bunduki yake ataendelea kupiga mpaka apate karatasi anayoitaka. Sako wa Finland walithubutu kutoa dhamana ya dakika moja kwa risasi tano, na risasi hizo mbili za nyongeza zinabadilisha mambo kabisa. Ile bunduki yetu ya inchi 1.5, iliyokuwa ikifaulu mara moja katika tatu, kwa kipimo cha risasi tano itafaulu kama mara moja katika kumi.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia kila mahali: mwindaji hapigi zaidi ya risasi tatu, mnyama ameshaanguka au ameshatoweka. Kweli. Ila kazi ya benchi ni kutuambia mtutu unatupa risasi wapi, na hilo risasi tatu hazilijui. Anayetaka kuigiza mawindo aigize sawasawa: apige risasi moja tu ya mtutu wa baridi, afunge safari yake, arudi kesho asubuhi apige nyingine kwenye karatasi ileile, mpaka matundu yafike kumi. Karatasi hiyo ningeilipia. Mwenye subira ya namna hiyo hajitokezi, na badala yake tunapewa risasi tatu za haraka zisizo mawindo wala kipimo.

Tuirudie risasi ya nne, kwa sababu ndiyo inayoanza kusema. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia hupata joto upesi. Kama chuma chake kilibaki na mkazo baada ya kunyooshwa au kufuliwa kiwandani, joto litaupinda kidogo sana, na matundu yataanza kutembea upande mmoja: juu kulia, juu kulia tena. Kama kitako kinagusa mtutu mahali fulani, mguso huo unabadilika mtutu unapotanuka, na risasi zinahama. Kama skrubu zinazofunga mwili wa bunduki kwenye kitako hazikukazwa sawasawa, mtikisiko wa risasi tatu za kwanza utakuwa umeshausogeza mwili ule. Haya yote ni makosa ya kiwandani, ndiyo hasa tunayoyatafuta tunapopima bunduki kama ilivyotoka boksini, na yote hupenda kujionyesha kwenye ya nne, ya tano, ya sita. Mpimaji aliyeishia tatu amefunga jalada kabla shahidi hajaitwa.

Kuna jaribio lisilogharimu risasi hata moja. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ikunje mara moja, ipitishe chini ya mtutu kuanzia ncha ya kitako, uivute kurudi nyuma mpaka kwenye chemba. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea. Sasa laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kandamiza kidogo kama unavyokandamiza unapolenga, urudie. Kwenye bunduki nyingi za bei nafuu zenye vitako vya plastiki, noti iliyopita vizuri mara ya kwanza itakwama mara ya pili, kwa sababu sehemu ya mbele ya kitako ni laini na imepinda kuufuata mfuko. Hiyo ni dakika moja ya kazi, na inaeleza kwa nini bunduki ileile inapiga vizuri benchini na vibaya kwenye fimbo tatu za porini. Bado ripoti nyingi hazitaji kitako isipokuwa rangi yake.

Halafu lipo lile la risasi "iliyotoroka". Mara chache mpimaji anapothubutu kupiga tano na moja ikaenda pembeni, anaandika: nne ziko ndani ya inchi 0.7, moja ilitoroka. Haikutoroka. Ilipigwa na bunduki ile, kwa baruti ile, ikapita kwenye mtutu ule. Kama mpigaji alikosea, alipaswa kutamka "nimekosea" kabla hajachungulia kwenye darubini kuona ilikoangukia. Aliyesubiri kuona tundu ndipo akaamua haihesabiki anachagua ushahidi. Hili nimelipigia kelele miaka yote na sitaacha, kwa sababu nyati aliyepigwa kwa ile moja iliyotoroka anaingia kichakani na jeraha, na anayemfuata huko ni mwindaji bingwa na mfuatiliaji nyayo wake.

Kazi nzuri ipo, niitaje. Tikka T3x ina mtutu na triga ambavyo bunduki za bei mara mbili zingejivunia. Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012 kwa bei isiyofika dola 500, inauweka mwili wa bunduki juu ya vyuma viwili vilivyochongwa kwa umbo la V, na vinafanya kazi. Savage 110 bado inafunga mtutu kwa nati, ubunifu wa Nicholas Brewer wa mwaka 1958, na hakuna njia rahisi zaidi ya kupata chemba yenye kipimo sahihi. Mitutu ya siku hizi, kwa ujumla, ni mizuri kuliko ya babu zetu.

Hilo la mwisho nalikiri bila shida, na ndilo linalofanya uzembe wa upimaji uniume. Zamani mitutu ilikuwa ya wastani lakini kipimo kilikuwa cha heshima. Jarida la American Rifleman, la chama cha NRA cha Marekani, lilijiwekea utaratibu wa kupiga makundi matano mfululizo, kila moja risasi tano, kwa yadi 100, kisha kuchapa kundi dogo, kundi kubwa na wastani. Risasi 25 kwa kila aina ya risasi, na aina zenyewe mara nyingi ni zaidi ya moja, kwa kuwa kila mtutu una risasi unayoipenda. Kundi kubwa lilichapwa pamoja na dogo, msomaji alione. Uliposoma ripoti ya namna hiyo ulijua unanunua nini, hata kama tarakimu hazikuvutia. Inchi 1.6 ya kweli ina faida kuliko inchi 0.8 ya kuokoteza.

Na kipimo cha karatasi, hata kikifanywa vizuri, kina mpaka wake. Winchester walipoibadilisha Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, waliondoa ule ukucha mrefu uliorithiwa kwa Mauser ya 1898, unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini mpaka linapotupwa nje. Nakshi za kitako nazo zikawa za kugandamizwa kwa mashine badala ya kuchongwa. Watetezi wa uamuzi ule wanasema mpaka leo kwamba bunduki mpya zilipiga makundi yaleyale. Huenda, lakini wawindaji hawakuikataa kwa sababu ya makundi. Waliikataa kwa kuwa bunduki ya .375 inayokwenda kukutana na mbogo kwa hatua ishirini lazima ilishe na itoe ganda kila mara, ikiwa imeshikwa wima, ikiwa imelazwa, mkono ukiwa unatetemeka. Winchester wenyewe waliurudisha ukucha ule miaka ya 1990. Waulize mafundi bunduki wa Arusha wateja wao wanaulizia Model 70 ya kabla ya mwaka gani.

Mwindaji wa tembo W.D.M. Bell alizunguka Karamoja na .275 Rigby iliyojengwa juu ya mwili wa Mauser, risasi ya gramu 11 tu, na kwa bunduki za namna hiyo aliua tembo wengi katika wale zaidi ya elfu moja wa maisha yake. Hakubebwa na ukubwa wa kaliba. Alipasua mafuvu ya tembo kujua ubongo umekaa wapi, na aliijua bunduki yake kiasi cha kujua risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, itaangukia wapi. Mwindaji anayefika kambini leo na bunduki mpya yenye karatasi ya dhamana ya matundu matatu hana ujuzi huo bado. Ndiyo maana mwindaji bingwa yeyote makini, kabla hajampakia mgeni kwenye gari, humpeleka kwanza kwenye shabaha ya kambini. Haulizi karatasi ya kiwandani. Anataka kuona risasi zinaangukia wapi, na zaidi ya tatu.

Kwa kipimo nilichonacho mimi, Tikka bado inaongoza katika bei yake, Ruger American inafuata ila ibadilishwe kitako, na Vanguard ni ya mtu asiyejali uzito. Hayo ni maoni yangu, na wapimaji wangeweza kuyathibitisha au kuyavunja kwa siku mbili za kazi na maboksi machache ya risasi. Ninawaomba jambo moja: pigeni tano, makundi matano, muache mtutu upoe kati ya kundi na kundi, msifute tundu lolote, na mchape kundi baya ukurasa uleule mnaochapa lile zuri. Nawe msomaji, ripoti isiyotaja idadi ya risasi na idadi ya makundi usiitolee pesa yako.