Mabega ya Miti

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeujua ukweli wa methali hii kuliko wote ni mpagazi wa Kilimanjaro. Mgeni hupanda na chupa ya maji na kamera, huku hema lake, godoro lake, meza ya kulia na mtungi wa gesi vikipanda kichwani na shingoni mwa mtu mwingine. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja na mizigo hupimwa getini, lakini kilo 20 kwenye ukuta wa miamba wa Barranco, mlimani humo, si kilo 20 za sokoni.

Anayejibebea malazi yake mwenyewe huanza kuuliza maswali ambayo mgeni yule hana haja nayo. Fito za hema za nini, ikiwa miti imesimama tayari? Sakafu ya nini, ikiwa sitalala chini? Akiyafuata maswali haya mpaka mwisho wake, anabaki na machela ya nailoni nyembamba yenye urefu wa mita tatu na ushee, mikanda miwili ya kuzungushia miti, turubai jepesi, chandarua, kamba chache na vigingi. Vyote hivyo vikikunjwa, huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na vinaingia kwenye kona ya begi la mgongoni. Nimekuwa nikivijaribu katika misitu ya Usambara, na ninachotaka kukisifu hapa ni ufundi unaovigeuza kuwa nyumba. Uzito unaotoka mgongoni haupotei. Unahamia kichwani, ukawa maarifa.

Machela haikuvumbuliwa na maduka ya vifaa vya safari. Wataino wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala juu ya nyavu za pamba zilizotundikwa kabla Christopher Columbus hajatia nanga kwao mwaka 1492. Mabaharia wakaona kwamba anayelala juu hasumbuliwi na unyevu wa chini wala wadudu watambaao, wakaichukua. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza liliikubali rasmi, na kwa karne nyingi mabaharia wake walilala wakibanana chini ya sitaha, kila mmoja akitengewa upana wa inchi 14, yaani sentimita 36 hivi. Kulipokucha, machela ziliviringishwa na kupangwa kwenye kingo za meli, ambako siku ya vita zilisaidia kuzuia risasi.

Huku kwetu machela ina kumbukumbu chungu zaidi. Ilitundikwa kwenye mti mrefu, mti ukawekwa juu ya mabega ya watu, na ndani yake akajilaza afisa wa kikoloni. Mpaka leo, vijijini ambako gari halifiki, wagonjwa na wajawazito hubebwa vivyo hivyo hadi zahanati, na hapo machela ni huruma tupu. Ile ya afisa ilikuwa kanda la usufi lenyewe: mmoja amelala, wengine wanahema. Machela ya kambini imewaondoa watu chini ya ule mti. Mabega sasa ni ya miti iliyo hai, na miti haichoki.

Lakini miti nayo ina adabu zake. Ufundi huanza na macho kabla ya mikono. Unatafuta miwili iliyo hai, minene kupita paja la mtu mzima, iliyoachana kwa mita nne au tano. Kisha unatazama juu, kwa sababu hatari kubwa ya kulala msituni mara nyingi haina meno: ni tawi kavu lililoning'inia likisubiri upepo. Mkaratusi humvutia mgeni kwa unyoofu wake, lakini hudondosha matawi hata siku tulivu, na fundi hupita chini yake bila kusimama. Mikanda ya kufungia iwe mipana, angalau sentimita mbili na nusu, kwani kamba nyembamba hukata gome, na gome ndiko kunakopita chakula cha mti. Asubuhi ukiondoka, mti usijue kwamba ulikubeba.

Ardhi iliyo chini haikuhusu sana, na hii ndiyo raha ya kwanza. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, juu ya Lushoto, mahali pa tambarare ni adimu. Mwenye hema huzunguka akitafuta kipande kisicho na mizizi wala mwinamo, na akikipata hukuta ndiko maji ya mvua yanakotuama. Mwenye machela hulala juu ya mteremko, juu ya mawe, hata juu ya kijito kidogo, na mgongo wake haujui tofauti.

Baada ya miti inakuja hesabu. Wengi wanaoiona machela kwa mara ya kwanza hutaka kuikaza mpaka inyooke, wakidhani kunyooka ndiko kustarehe. Kamba inasema vingine. Ikishuka kutoka kwenye mti kwa pembe ya nyuzi 30, kila upande hubeba nguvu sawa na uzito wote wa mlalaji: mtu wa kilo 70 huivuta kamba kwa kilo 70. Ikilazwa hadi nyuzi 10, nguvu hupanda kufikia kilo 200. Ikikazwa mpaka nyuzi 5, inafika kilo 400 kila upande, na hapo mshono, kamba au mti mchanga, kimoja kitasalimu amri. Ndiyo maana mafundi huilegeza machela, na wala hawabebi kipimo cha pembe. Hunyoosha kidole cha shahada na kuinua gumba, na mstari unaounganisha ncha za vidole hivyo viwili huwa karibu na nyuzi 30. Kamba ikilingana na mstari huo, inatosha.

Machela iliyolegea hupinda kama ndizi, na hapo mlalaji wa mara ya kwanza hulalamika kwamba mgongo umekunjika. Jibu ni kulala kimshazari: kichwa kidogo kushoto, miguu kidogo kulia. Kitambaa hutanuka pembeni, mgongo ukanyooka, magoti yakapumzika. Ili mkunjo huo usibadilike kila usiku kwa sababu miti imebadilika, mafundi hufunga kamba nyembamba kutoka ncha hadi ncha ya machela, yenye urefu wa asilimia 83 hivi ya machela yenyewe. Kwa machela ya mita 3.3 ni kama mita 2.75. Miti ikiwa karibu au mbali, kitanda ni kilekile cha jana, na kamba hiyohiyo inashika chandarua, taa na soksi zinazokauka.

Sasa turubai, na hapa ndipo ninaposhangilia zaidi. Hema hutoka kiwandani likiwa na umbo lake. Unaloweza kufanya ni kulitii. Turubai ni mraba wa kitambaa usio na umbo lolote, na umbo ni wewe unayelitoa, kila jioni upya, kwa kuusikiliza upepo. Chukua turubai la mita tatu kwa tatu. Ukilitandaza kwa mshazari juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti, uti wake huwa na zaidi ya mita nne, kichwa na miguu vikafunikwa kwa ziada, lakini pembeni kunabaki wazi. Ukilitandaza kwa unyoofu, pembeni hushuka vizuri na kuzuia mvua ya upepo, ila kwenye ncha unabakiwa na ziada ndogo kuliko upana wa kiganja kilichotanuliwa. Hakuna jibu la kudumu. Usiku mkavu, mshazari, na upande mmoja unainuliwa uwe ukumbi wa kupikia chai. Usiku wa masika, unyoofu, chini kabisa, ubavu ukielekezwa kule mvua inakotoka.

Mafundo yanayohitajika ni machache, na baadhi tunayo mtaani. Lile la kukaza kamba ya turubai ndilo utingo wa lori hulitumia kubana magunia: kitanzi katikati ya kamba, ncha ikapitishwa ndani yake na kuvutwa chini, nguvu ikaongezeka. Lingine lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931: kitanzi chembamba kinachozungushwa mara tatu kwenye kamba nene. Kikiwa huru huteleza, kikivutwa hung'ata. Vitanzi viwili vya namna hiyo hukuruhusu kusogeza turubai lote kushoto au kulia bila kufungua fundo hata moja, gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mvua hufundisha mengine. Nailoni hunywa maji na kurefuka, hivyo turubai lililokazwa saa kumi na mbili jioni hulegea usiku wa manane. Dawa yake ni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa kwenye kila kamba ya pembeni, ambacho huvuta polepole kadiri kitambaa kinavyolegea. Maji nayo hutembea juu ya mkanda kutoka kwenye mti hadi kitandani mwako kama hayakuzuiwa. Uzi mfupi ukifungwa kwenye mkanda, chini ya turubai, matone hushika njia ya uzi na kudondoka chini. Uzi wa thamani ya senti chache unafanya kazi ambayo hema huifanya kwa mishono ya gundi.

Adui anayedharauliwa ni baridi ya chini. Anayelala hewani hupitiwa na upepo mgongoni, na blanketi analolilalia halimsaidii, kwa kuwa uzito wake umelibana mpaka hewa yote ikatoka, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Mwezi wa Julai milima ya Lushoto haina mzaha. Mafundi hutundika blanketi nje, chini ya machela, lisiguswe na uzito, au huweka ndani kipande chembamba cha godoro la sponji. Ukilijua hilo unalala. Usipolijua, unahesabu sauti za perere mpaka alfajiri, na perere ana sauti nyingi.

Ufundi huu haudai fedha nyingi. Mwaka 1955 Bi Emma Gatewood wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa amevaa viatu vya raba na kubeba mfuko alioushona mwenyewe. Kinga yake ya mvua ilikuwa pazia la plastiki la bafuni. Kwetu, fundi cherehani yeyote anaweza kupinda ncha mbili za kitambaa imara cha nailoni ili kamba ipite, na turubai la bluu la sokoni, ingawa ni zito kuliko yale ya bei kali, linazuia mvua ileile. Vifaa vya gharama hupunguza gramu. Pembe ya kamba na fundo havinunuliki.

Nisiipambe machela kupita kiasi. Juu ya mstari wa miti, kama kwenye kambi za Barafu na Kibo kule Kilimanjaro, haina pa kushika, na hema linabaki kuwa mfalme. Katika mbuga zenye simba na tembo, lala pale askari wa hifadhi wanapokuelekeza. Siafu wanapanda miti, hivyo kagua shina kabla ya giza. Na msitu wa hifadhi una wenyewe: omba kibali, lipa ada, usipigilie msumari popote.

Kwako wewe unayetamani kulala porini na unaogopa bei ya hema, ushauri wangu ni huu: anza na kamba ya mita chache na miti miwili ya uani. Jifunze fundo la utingo na lile la Prusik mpaka mikono iyajue bila macho. Pima pembe kwa vidole vyako. Tundika turubai siku mvua inanyesha, uone maji yanapita wapi. Ukiyaweza hayo, hutahitaji mpagazi.