Jini Anayelipwa Kabla ya Kutumwa

Ndugu msomaji, usinicheke kwa kuleta mambo ya karata katika jarida la fasihi. Wala si karata zile za kopa na shupaza. Nazungumzia kadi za Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Humo kila mchezaji ni mchawi. Anaanza na uhai 20, anakusanya nguvu kutoka kwenye kadi za ardhi, kisha anaita viumbe wampiganie. Binamu yangu alirudi nazo kutoka masomoni ng'ambo, tukazicheza barazani miezi miwili hadi mama akasema tumerogwa kweli.

Kadi iliyonifanya nishike kalamu ni moja tu: Lord of the Pit, yaani Bwana wa Shimo, iliyomo katika toleo la kwanza kabisa. Mchoro wake, wa Mark Tedin, unatisha, lakini kutisha si kazi. Hata mimi natisha nikiamka. Uhodari uko kwenye masharti. Nathubutu kusema masharti yale yana hadithi kuliko riwaya nyingi tunazoandika sisi vijana, yangu ikiwemo.

Tazama. Ili umwite unalipa nguvu 7, na 3 kati ya hizo lazima ziwe nyeusi, zile za vinamasi. Ukishampata, ana mabavu 7 na ustahimilivu 7. Anaruka, kwa hiyo kiumbe wa kawaida wa ardhini hawezi kumzuia. Anakanyaga pia: akizuiwa na ndege mwenye ustahimilivu 2, pointi 2 zinammaliza ndege na 5 zinazobaki zinampata mwenye ndege. Mapigo matatu yasiyozuiwa ni 21. Adui kwisha habari yake.

Hapo wengi wetu tungeweka nukta. Kadi inaendelea: kila zamu yako inapoanza, kabla hata hujachota kadi mpya, utoe kafara kiumbe wako mmoja asiye Bwana mwenyewe. Ukishindwa, anakupiga wewe pointi 7. Hesabu ni ileile, bwana! Zamu tatu bila chakula, na wewe uliyemwita umekwisha.

Sasa lisome vizuri neno hilo "ukishindwa", maana ndilo lililotugombanisha barazani. Binamu alidai unaweza kuchagua: ukimwonea huruma kiumbe wako, kubali kupigwa 7 yaishe. Hapana. Kadi haisemi "usipotaka". Maadamu una kiumbe mwingine, hata awe ndiye unayemtegemea kuliko wote, lazima aende. Kuumia badala yake hakuruhusiwi. Nilipolielewa hilo nilinyamaza kidogo. Hiari yako uliiuza siku ile ulipoita. Umebakiwa na kuchagua nani atangulie.

Na kuna jingine. Kiumbe aliyeingia mezani hashambulii zamu hiyohiyo. Ina maana Bwana anakula kwanza, ndipo anafanya kazi yake ya kwanza. Adui mwerevu wala hahangaiki kumuua. Anawafyeka wale wadogo waliokuzunguka, halafu anakaa kitako akutazame unavyoliwa na jini lako mwenyewe. Au aje mtu na Control Magic, kadi ya toleo hilohilo, akunyang'anye. Basi njaa nayo inahama, kwani sharti linamfunga yeyote anayemshika.

Mwaka 1994, katika toleo la Fallen Empires, ikaja Breeding Pit. Hii ni kama zizi. Ukilitunza kwa nguvu 2 nyeusi kila zamu, linakuzalia kijikiumbe kiitwacho Thrull, mabavu 0, ustahimilivu 1. Dawa imepatikana: zizi linazaa, Bwana anakula. Kimchezo ni akili. Ila nilijiona. Mara ya kwanza kumtoa askari wangu nilisita, nikamgeuzageuza mkononi. Kwa Thrull sikusita hata siku moja. Nilikuwa nabishana na binamu juu ya mpira huku natupa.

Lakini hapohapo ndipo naiona kasoro ya kadi. Kwa Bwana wa Shimo walaji na waliwa ni hesabu tu. Thrull wa 0 kwa 1 anamshibisha sawasawa na malaika. Jini wa tajiri katika hadithi tulizosimuliwa utotoni hadanganywi hivyo. Anataka mtoto umpendaye, na ukimpelekea kuku anakucheka. Katika hili bibi zetu wamemzidi Garfield kwa mbali.

Nami sina haki ya kujigamba kwa ajili yao. Katika mswada wangu yumo Mzee Shebe, tajiri wa Magomeni mwenye jini. Kurasa 140 jini analeta fedha, anaua wapinzani, halidai kitu. Rafiki yangu aliusoma akanirudishia, akasema, "Jini lako hili ni benki tu, tena benki isiyo na foleni." Nilimnunia wiki nzima.

Sasa naiandika upya sura ya tatu. Jini hajaleta hata senti. Ni alfajiri, na Mzee Shebe amesimama mlangoni kwake, anahesabu watoto wa mtaa wanaopita kwenda shule. Wa kwake wa mwisho bado anatafuta kiatu.