Kontua za Mwanza: Kompyuta Inapokwama Kwenye Vilima vya Mawe

Ukitaka kujua maji ya mvua yanavyoteremka kutoka vilima vya Mabatini hadi Mto Mirongo, karatasi za zamani za ramani za 1:50,000, mfululizo wa Y742, bado ni hazina. Data ya rada ya SRTM, iliyokusanywa Februari 2000, hupima mapaa na vilele vya miti pamoja na ardhi. Kontua za Y742, yaani mistari ya vimo, zilichorwa kutokana na picha za anga, kabla nyumba hazijapanda mawe kama leo. Kwa hiyo inafaa kuhangaika nazo.

Hangaiko lenyewe huanza pale picha ya skani inapogeuzwa vekta. Programu huchagua pikseli za kahawia, rangi ya kontua, huukondesha mstari hadi upana wa pikseli moja, kisha huufuata. Kwenye tambarare za Usukuma, mistari ikiwa imeachana, kazi huenda vizuri. Mjini Mwanza mistari husongamana kwenye miteremko ya graniti hadi kugusana, na kontua ya futi 3,800 huunganishwa na ya 3,850. Kwingine mstari hukatwa na tarakimu yake wenyewe, au na barabara inayopita juu yake.

Wengi hulaumu programu. Mimi natazama skani kwanza. JPEG huchanganya rangi kwenye kingo za mistari, na kahawia iliyochanganyika na nyekundu ya barabara haitenganishiki tena kwa usafi. Skani kwa TIFF isiyobanwa, dpi 400. Hapo kila pikseli ni kama mita 3.2 ardhini.

Kisha ramani ifungwe kwenye makutano ya gridi, kamwe si kwenye ufuko. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na Mei 2024 likavunja rekodi, hivyo ufuko wa karatasi si wa leo. Mfumo wa viwianishi wa ramani ni Arc 1960, UTM kanda ya 36 kusini. Ukiuandika WGS84, kila kitu kinasogea takribani mita 300 kaskazini, na kontua za Capri Point zinaingia majini.

Vimo navyo vikaguliwe. Uso wa ziwa ni kama mita 1,134, yaani futi 3,720. Kwenye karatasi ya futi, kontua ya 3,750 ni mita 1,143. Ukiiingiza kama mita, umeuinua mji zaidi ya mita 2,600.

Mwisho tengeneza uso wa ardhi kutokana na kontua hizo, uutoe kwenye SRTM. Palipounganishwa vibaya pataonekana kama genge la ghafla mahali pasipo na genge.

Uamuzi wangu: tambarare iachiwe kompyuta, lakini vilima vya mjini vichorwe kwa mkono, mstari kwa mstari, huku skani ikiwa imekuzwa kwenye kioo. Kusahihisha mafundo ya kompyuta kwenye mawe yale huchukua muda mrefu kuliko kuichora mistari upya.