Gemu Inapokuua

Ukitaka kujua kama gemu ya safari imepita mikononi mwa fundi, subiri ikuue. Picha nzuri hununulika, na muziki mzuri hali kadhalika. Ukishakufa, au ukizima na kuwasha kesho yake, ndipo unapoona undani wake: inakurudisha wapi, inakunyang'anya nini, na njia unayoipita kwa mara ya pili ina jipya gani? Wachezaji wengi huyaona haya kuwa malalamiko mawili, moja la kusevu na jingine la mapango yanayorudiwarudiwa. Kwangu mimi ni jambo moja. Ukisevu mbali na ulipofia, utairudia njia. Na ukiirudia, raha au karaha yako itategemea kama njia yenyewe ilitengenezwa ipitwe zaidi ya mara moja. Na ninaposema pango nina maana ya mahali popote palipofungwa penye mitego, mafumbo na bosi mwishoni, liwe hekalu, mnara au jumba la kitajiri.

Tazama kwanza kinachochukuliwa. Mchezaji ana mahali alipofika, ana mali aliyokusanya, na ana mabadiliko aliyoyafanya katika dunia ile: milango aliyofungua, maadui aliowamaliza. Juu ya hayo ana maarifa, ambayo hakuna gemu inayoweza kumvua. Mtengenezaji makini huchagua achukue kipi na aache kipi. The Legend of Zelda ilipotoka Japani mwaka 1986 ilikuwa kwenye diski ya mashine ya Famicom, ambayo iliweza kuandikwa juu yake. Ilipofika Marekani mwaka 1987 ilikuwa kwenye kaseti ya rangi ya dhahabu yenye betri ndogo ndani ya kulinda kumbukumbu. Ukifia pangoni na kuendelea, unaamka mlangoni ukiwa na mioyo mitatu tu. Lakini milango uliyoifungua kwa funguo imebaki wazi, na silaha uliyoipata bado iko mkononi. Umenyang'anywa mahali na nguvu. Kazi yako haikuguswa. Linganisha na Dragon Quest ya mwaka 1986, iliyompa mchezaji nenosiri la herufi 20 alinakili kwa mkono. Iliyofuata, ya 1987, ilifikisha herufi 52. Ukikosea herufi moja, safari yote imepotea, na kosa la kalamu likaadhibiwa zaidi kuliko kosa la upanga. Vifaa vya wakati ule havikuruhusu zaidi, hilo linaeleweka. Ila kipimo kinabaki kilekile hadi leo: adhabu ifuate kosa ulilolitenda mchezoni.

Sasa nikupeleke kwenye pango ambalo limezua ubishi kuliko yote ninayoyajua, Hekalu la Mfalme wa Bahari katika Phantom Hourglass, gemu ya Zelda ya mwaka 2007 kwenye Nintendo DS. Link, shujaa wa gemu hizi, huingia hekalu hilo tena na tena katika hadithi nzima, na kila awamu hushuka chini zaidi kuliko ile iliyotangulia. Ndani mna laana inayonyonya uhai. Kinachomkinga ni shisha ya mchanga. Mchanga ukiisha, uhai unaanza kupungua. Walinzi wenye mavazi ya chuma wanazunguka, na kwa sehemu kubwa ya gemu huna silaha ya kuwaua. Kuna vipande vya sakafu vilivyo salama: ukisimama hapo hawakuoni na mchanga hausogei. Wengi walilichukia hekalu hili, na wanaolilaumu hawasemi uongo. Ghorofa za juu unazipita ukiwa umeshazijua, na saa inakimbia.

Hata hivyo, mjuzi asiishie kwenye lawama. Hekalu lilelile huuliza swali jipya kila unapopata kifaa kipya. Ukuta ulioupita kwa miguu ziara ya kwanza unavunjika kwa bomu ziara ya pili. Shimo ulilolizunguka unalivuka kwa kamba ya kulabu. Swichi iliyokuhangaisha unaigonga kwa nyundo. Njia ya dakika nne inakuwa ya dakika moja, na mchanga uliookoa ndio unaokushusha chini zaidi. Kisha kuna jambo dogo ambalo nalipenda kuliko mengine yote: kalamu ya DS inakuruhusu kuandika juu ya ramani. Unachora mzunguko wa mlinzi, unaweka alama penye sakafu salama, unaandika pale ukuta unaposikika mtupu. Ukirudi wiki ijayo, mwandiko wako uko palepale. Gemu imechukua mchanga na imechukua mahali, lakini maarifa yako imeyatunza kwa mkono wako mwenyewe. Sijaona mfumo wa kusevu wenye heshima kwa mchezaji kuliko huo mdogo.

Kasoro yake iko katikati. Kuna mlango wa mwanga unaokurukisha hadi nusu ya hekalu, lakini unakukumbushia mchanga uliokuwa nao ulipofika hapo. Ukifika ukiwa na mchanga kidogo, utaanzia na huo huo kidogo, mpaka urudi juu ukapite upya kwa kasi zaidi. Kwa anayefurahia kushindana na saa, ni zawadi. Kwa anayetaka kujua kisiwa kinachofuata kina nini, ni kizuizi kilichowekwa mlangoni pa hadithi. Pango la kurudiwa likilazimishwa kwa kila mtu, lazima lifurahishe hata mwenye mwendo wa pole; hapo ndipo ninapolipunguzia alama.

Nintendo walisikia. Spirit Tracks ya 2009 ina mnara unaorudiwa vivyo hivyo, lakini ngazi hukupeleka moja kwa moja kwenye sehemu mpya na hakuna shisha. Malalamiko yalipungua. Sehemu ya utamu nayo ikaondoka, kwa kuwa hakuna tena njia uliyoizoea kiasi cha kuikata vipande. Kilichouokoa mnara ule ni binti mfalme Zelda mwenyewe, anayeingia ndani ya mlinzi wa chuma na kutembea kando yako.

Ikiwa utacheza gemu moja tu ili ujifunze kupima mambo haya, iwe Majora's Mask ya mwaka 2000, kazi ya Eiji Aonuma na Yoshiaki Koizumi. Mwezi unaanguka baada ya siku tatu, na siku hizo tatu kwa saa ya ukutani hazifiki hata saa moja. Unapiga Wimbo wa Wakati, unarudi asubuhi ya siku ya kwanza, na hapo ndipo gemu inaposevu. Kusevu kwenyewe ndiko kunakoifuta dunia! Mishale, mabomu na fedha zote zinapotea, isipokuwa fedha ulizoweka benki. Funguo za hekalu zinapotea. Vijimalaika 15 vilivyotawanyika humo, kama hujavikusanya vyote na kuvirudisha, vinatawanyika upya. Lakini vinyago vinabaki, nyimbo zinabaki, na upinde ulioupata ndani ya hekalu unabaki.

Chunguza jinsi hesabu hiyo ilivyopangwa. Hekalu la theluji, kwa mfano, lina bosi aitwaye Goht, fahali wa chuma unayemfukuza ukiwa umejikunja kama tufe. Ukimuua, majira ya baridi yanakwisha mlimani, barafu inayeyuka, na mbio za Wagoron, wakazi wa mlima huo, zinafunguliwa. Ukiurudisha wakati, baridi inarudi. Ukizitaka zile mbio, sharti umuue tena. Kwa maneno makavu hilo linasikika kama adhabu. Kwa vitendo, ukiingia tena hekaluni kuna njia ya mkato iliyo pale mwanzoni, inayokupeleka kwa bosi bila kupita chumba hata kimoja. Unamfukuza kwa muda mfupi kwa sababu mara hii unamjua, na ukitoka nje unawakuta Wagoron kwenye jua. Kinachorudiwa ni kile chenye maana, mapambano na majira ya kuchipua. Vyumba vya mafumbo, ambavyo majibu yake unayajua, umeepushwa navyo. Hiyo ndiyo alama ya fundi. Fumbo likishafumbuliwa halina ladha ya pili, ilhali pambano na mbio vinayo, na anayejua tofauti hiyo hatakusukumisha jiwe lilelile mara ya tatu.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watengenezaji wengi bado wanayachanganya. Kuna kusevu kunakoamua ukifa utarudi wapi, na huko ni sehemu ya mchezo. Na kuna kuegesha tu: mgeni amebisha hodi, daladala imefika kituoni, umeme umekatika. Mtengenezaji anaweza kuwa mkali atakavyo katika la kwanza. Katika la pili hana haki hiyo. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi tulizijua gemu kwenye vibanda vya PlayStation vya kulipia, na naamini moja ya sababu zilizofanya gemu za mpira zitawale humo ni kwamba mechi huisha ndani ya muda uliolipia, wakati safari ndefu inataka memori kadi, na kadi ni ya mwenye kibanda. Leo kifaa cha wengi ni simu, na simu huita.

Majora's Mask ya awali ya Japani haikuwa na mahali pa kuegesha. Toleo lililotoka nje ya Japani liliongezewa sanamu za bundi. Unasevu hapo, gemu inazima, na ukiwasha tena kumbukumbu ile inafutwa papo hapo, hivyo huwezi kuitumia kukwepa matokeo. Rogue ya mwaka 1980 ilifanya vilevile, faili likafutwa mara linaposomwa. Ni suluhisho safi. Toleo la 3DS la mwaka 2015 lilizifanya kumbukumbu za sanamu hizo kuwa za kudumu na kuongeza sanamu nyingine, na sioni ubaya: siku tatu zimebaki tatu, na mwezi bado unaanguka.

Wapo wanaodai kwamba kusevu popote, wakati wowote, ndiyo haki kamili ya mchezaji. Wacheze Resident Evil. Katika ile ya mwaka 1996, kila kusevu hula utepe mmoja wa wino kwenye taipureta, na tepe zina idadi. Chumba chenye taipureta hakiingiliwi na majitu, na muziki wake ni wa upole. Unapoufungua mlango ule mabega yanashuka. Ungeweza kusevu kila hatua, mlango ule usingekuwa na thamani yoyote. Kisha Shinji Mikami akaitengeneza upya mwaka 2002 na kuongeza jambo la ajabu: zombi uliyemuua usipompasua kichwa au kumchoma moto, baadaye huamka akiwa mwekundu, mwenye kasi na hatari zaidi. Mafuta ya taa unayobeba hayatoshi kuwachoma wote. Basi unasimama kwenye ukumbi mmoja wa jumba lile, maiti iko miguuni, na unajiuliza: nitapita hapa mara ngapi tena? Ukumbi wa kwenda jikoni labda mara moja. Ukumbi wa kwenda kwenye taipureta, mara nyingi. Unachoma huu, unauacha ule. Kurudia njia, ambako kwingine ni uchovu, hapa kumegeuka kuwa ndiyo akili ya gemu.

Upande wa pili kuna kosa ambalo silisamehe. King's Quest V ya kampuni ya Sierra, mwaka 1990, inakuruhusu kula keki fulani ukiwa na njaa, na inakuacha uendelee kwa muda mrefu kabla hujagundua kwamba keki ile ilikuwa ya kumrushia jitu la theluji. Hufi. Huambiwi. Umekwama tu, na kila ulichosevu baada ya hapo hakina kazi. Mchezaji wa enzi zile alijifunza kusevu kila dakika kwa majina tofauti, yaani alifanya yeye kazi ya mtengenezaji. Mtengenezaji wa gemu Ron Gilbert aliandika kuhusu tatizo hili mwaka 1989, na Monkey Island yake ya 1990 haikwamishi mtu namna hiyo. Ukikutana leo na gemu inayokufanya uogope kuwa umeshaharibu bila kujua, iache.

Na ukikutana na mapango yenye umbo moja yaliyobadilishwa jina, kama yale ya Dragon Age II ya mwaka 2011, hakuna cha kuchambua. Muda wa kutengeneza ulikuwa mfupi, na inaonekana.

Limebaki suala la njia ya kumrudia bosi, ambalo mashabiki wa kampuni ya FromSoftware hawaachi kulibishania. Dark Souls ya mwaka 2011 hukurudisha kwenye moto wa kupumzikia, maadui karibu wote wamefufuka, na roho ulizokusanya zimelala pale ulipofia. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimekwenda. Mfumo huo ulizaa jambo zuri sana: njia za mkato. Unapigana saa nzima kupanda hadi kanisani, unaingia kwenye lifti usiyoijua, inashuka, inashuka, na unapotoka uko Firelink Shrine, pale pale ulipoanzia kupanda. Dunia nzima inajikunja kichwani mwako kwa mara moja. Lifti hiyo isingekuwa na uzito wowote kama usingekuwa umeipita njia ndefu na kuiogopa. Lakini mfumo huohuo ulizaa pia ukimbiaji mtupu, pale unapokuwa umeishinda njia zamani, hujifunzi chochote humo, na bosi ndiye tatizo lako pekee. Unawakwepa walewale, unafika, unakufa, unaanza tena.

Elden Ring ya mwaka 2022 imeweka sanamu za Marika karibu na sehemu nyingi ngumu, na ukifa karibu nazo unaweza kuamkia hapo hapo. Runi zako, ambazo humu ni kama zile roho, bado zinaanguka ulipofia, na bosi hajalegezwa hata kidogo. Kilichoondolewa ni ule ukimbiaji tu. Ndani ya ngome ya Stormveil, ambako sanamu si za kila kona, lifti na milango ya kufungulia upande mmoja bado zipo, na ukiifungua mojawapo baada ya kuzunguka nusu ya ngome na kujikuta penye mwanga wa kupumzikia ulioupita mchana, utaelewa kwa nini hawakuziondoa.