"Muda wa Kuruka" na Upotoshaji Wake

Katika tafsiri za matangazo na kanuni za usafiri wa anga tunakuta mara kwa mara maneno "muda wa kuruka" na "umbali wa kuruka". Yamefuata Kiingereza neno kwa neno, nayo hayasemi lililokusudiwa. Kwa Mswahili, ndege huruka pale inapoiacha ardhi. "Ndege imekwisha ruka" ni kauli anayoambiwa aliyechelewa. Kwa hiyo msomaji akiona "muda wa kuruka" atadhani anatajiwa wakati wa kuondoka. Na "umbali wa kuruka" tungewaachia wanariadha.

Kosa hili si la masikio tu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, huuhesabu muda huo tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Dakika za kutambaa uwanjani zimo. Mfasiri akiandika "muda wa kuwa angani" huzitoa, hali kwa hesabu hiyo ndipo hupimwa uzoefu wa rubani na kikomo cha kazi yake. Tunapendekeza "muda wa safari ya ndege". "Muda wa angani" ubakie kwa kipindi cha kati ya kuruka na kutua.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam na Kigali. Umbali wa anga baina ya viwanja hivyo viwili ni kilomita zipatazo 1,140, yaani maili za bahari 615 hivi. Mfasiri akiandika "maili 615" tu, msomaji aliyezoea maili ya nchi kavu, ambayo ni mita 1,609 wala si 1,852, atapata kilomita 990. Kilomita 150 zimepotea kwa kukosekana neno moja.

Lakini tatizo kubwa zaidi limo katika neno letu wenyewe, saa. "Safari ya saa mbili" huanza saa mbili, au huchukua saa mbili? Wanaokimbilia "masaa" wameliona tatizo, ingawa dawa yao hatuikubali; yatosha kuandika "safari ya muda wa saa mbili". Tena Kigali iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Ndege ikiondoka Dar es Salaam saa 4.00 asubuhi na kufika Kigali saa 4.50 ya huko, imesafiri kwa saa moja na dakika 50, si kwa dakika 50. Ratiba isiyotaja "saa za mahali" humdanganya msafiri bila kusema uongo.

Tumewahi kuona hata tangazo lililonakili "saa 10.00" kutoka ratiba ya kigeni bila kuigeuza. Kwa msomaji wake hiyo ni alasiri. Ndege ilikuwa ya asubuhi.