Hongera Wapangaji wa Njia za Kilimanjaro

Wapandaji wa Kilimanjaro wamebadilika. Njia ya Marangu, yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, si ya wote tena. Wengi sasa huchagua Machame au Lemosho na kulala kwenye mahema. Nawapongeza kwa moyo wote wahifadhi wa hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1973, kwa kuupanga mlima kadiri wageni wanavyobadilika. Mweka wameifanya njia ya kushukia tu, hivyo anayeteremka akiwa hoi hapigani vikumbo na anayepanda. Kuni marufuku. Na langoni kuna mizani: mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Mizani hiyo naiheshimu kuliko kibao cha kilele cha Uhuru, maana inalinda mgongo wa kijana anayembebea mgeni hema hadi kambini.